Zinki Isiyoliwa

Tunduma ni mji wa watu wanaosubiri kuondoka. Malori yamejipanga barabarani pande zote mbili za mpaka, yakisubiri forodha, na madereva wameifanya foleni hiyo kuwa mtaa. Wanapika chini ya trela, wanaoga kwa maji ya dumu, wanasikiliza mpira redioni, na wengine wamepata wake humohumo. Mimi ni mwandishi wa kuzunguka; nilifika kutoka Lubumbashi kwenye lori la shaba la Shaban, dereva mzaliwa wa Tanga, nikiwa nimekusudia kulala usiku mmoja tu kisha niendelee. Mji ulinipendeza upesi. Mtu wa hapa anakusalimu kwa Kinamwanga, mnapatana bei kwa Kibemba, mkigombana mnahamia Kiswahili, na hakuna anayeona ajabu.

Lakini springi ya trela ilikuwa imekatika upande wa Nakonde, na Shaban hakutaka fundi mwingine ila Efraimu Silwimba.

"Yule ukimpa mwiko aurekebishe," aliniambia, "utaurudisha jikoni una nati mbili."

Gereji ya Efraimu haina ukuta wala lango. Ni uwanja wa udongo mweusi kwa oili, nyuma ya kituo cha mafuta, wenye kibanda cha mabati na mashine ya kuchomelea. Mwenyewe ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mpagazi na sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuzungumza huku nyundo zikigonga. Ana tabia ya kutikisa vitu. Kabla ya kukaa hutikisa kiti. Akipewa chai hutikisa mkono wa kikombe. Aliponishika mkono kunisalimu aliuvuta kidogo kushoto na kulia, kama anayetafuta ulegevu kwenye bega, kisha akaridhika.

"Kitu kikicheza," alisema akiwa amelala chini ya trela letu, "kimeshaanza safari ya kutoka. Na kwenye lori kikitoka, kinampata mtu."

Dawa yake ni mpira. Chochote anachofunga kwenye lori, kiwe kioo cha pembeni, tangi la dizeli au sanduku la vyombo vya dereva, hukiwekea kipande cha mpira wa tyubu chini na kingine juu, na bolti yenyewe huivisha mrija wa mpira ili isiguse kando. Hukaza nati, huongeza nati nyingine juu yake, kisha hupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mpaka usijue nati ilikuwa wapi. Mpira hunywa mtikisiko. Bila mpira, aliniambia, mashimo ya barabara hufungua bolti kama vidole vya mtu. Madereva wanaokwenda Kongo na kurudi wanaifahamu kazi yake kwa kuiona tu, na wengi hawaijui sura yake.

Tulipokuwa tunasubiri springi ipoe, alifuta mikono, akatoa simu na kuniwekea picha mbele ya macho.

"Unaona nini?"

Niliona kipande cha chuma chekundu, kirefu kama mkate, kimefungwa kwenye kitu kingine chekundu.

"Zinki hiyo," alisema. "Imekaa majini msimu mzima, chini ya boti ya dada yangu, Ziwa Rukwa. Tazama kona zake. Hazijapungua hata unyoya."

"Kila mgeni lazima aonyeshwe," Shaban alisema. "Watoto wake mwenyewe hana picha yao humo."

"Watoto wangu hawashindi chini ya maji."

Nilikuwa nimewahi kuona zinki za namna hiyo kwenye boti za bandari nyingine, na nilizikumbuka zikiwa nyeupe na zimelika kama sabuni ya kufulia inayokaribia kwisha. Lakini sikujua ipi ndiyo hali nzuri, ile ya kulika au hii ya kubaki mpya, na mwenyewe alikuwa na furaha. Nikasema ni kazi safi.

Habari ya boti niliipata kwa vipande, kati ya kazi moja na nyingine. Nesta ni mdogo wake Efraimu, wa kike wa pekee kwao. Walizaliwa Ndalambo, kwenye mahindi na maharage, mbali na maji yoyote yanayozidi kina cha ndoo. Nesta aliolewa bondeni, kando ya ziwa, na Danieli, aliyekuwa akizunguka kwenye kambi za wavuvi kununua perege na kambale na kuwaleta mwaloni, ufukweni pa kuuzia samaki. Danieli alikuwa na mtumbwi wa mbao. Asubuhi moja kiboko aliupindua karibu na matete, mbele ya watu waliokuwa wakishona nyavu. Hawakuweza kumfikia.

Baada ya msiba Nesta alitangaza kwamba ataendelea na kazi ileile. Alikuwa na mtoto wa kusomesha, Gasper, na kambi zote zilimjua. Efraimu, ambaye hajui kuogelea na akivuka daraja hutazama mbele tu, hakubishana naye.

"Ungekuwa wewe ungemwambia nini?" aliniuliza. "Usiende? Mimi nilisema tu, kama ni kwenda, basi kiboko avunje meno."

Alinunua bamba za chuma za trela lililopinduka, akazikata na kuzichomelea, akatoa boti fupi yenye tumbo bapa. Aliiwekea injini ya pawatila, lile trekta dogo la mkono, na propela ya shaba iliyotoka bandarini Mpulungu. Alipoishusha bondeni juu ya lori, watu wa mwaloni walisema trela limekuja kunywa maji. Lakini Nesta aliipanda, na viboko waliigonga mara kadhaa wakaiacha.

Shaban ndiye aliyeleta habari ya zinki. Maji ya Rukwa yana magadi. Ukikausha mkono juani ngozi inabaki na unga mweupe, na sufuria ya chuma haidumu. Yeye alikuwa ameona kwenye maziwa na bandari anazofika kwamba boti za chuma huvalishwa vipande vya zinki upande wa chini. Alimweleza Efraimu kwa namna yake: maji yana njaa, na zinki kwayo ni tamu kuliko chuma. Yape zinki, yatakuachia boti. Hasa penye propela ya shaba, kwa sababu shaba ikikaa na chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinachoumia. Safari iliyofuata alimletea vipande kutoka Mpulungu, kila kimoja kikiwa na utepe wa chuma uliopita katikati na kutokeza ncha zote mbili kama ulimi.

Efraimu aliona ndimi zile ni za kubebea. Alizikata. Akatoboa zinki yenyewe na kuifunga kwenye bolti alizozichomelea ubavuni mwa boti. Maji yalikula zinki kama Shaban alivyosema, lakini yalianza palepale penye bolti, matundu yakapanuka, na kabla msimu haujaisha vipande vyote vilikuwa vimeanguka ziwani. Nesta alimwandikia kwenye simu: *Kaka, mamba wamekula zinki zako, wameacha bolti.*

Ujumbe ule ulimchoma. Kitu alichokifunga yeye kilikuwa kimetoka. Kwa hiyo mara ya pili aliacha ndimi zilivyo, akazipitisha kwenye bolti, akaweka mpira chini na juu, mrija wa mpira kuzunguka bolti, nati juu ya nati, na rangi nyekundu juu ya kila kitu, zinki nayo humohumo ili ipendeze. Hakikutoka kitu. Ndiyo picha aliyonionyesha.

Kesho yake Shaban alikuwa amekwisha kurudi kwenye foleni ya forodha ya malori yanayoelekea pwani, na mimi nilikuwa gerejini nakunywa chai, simu ilipoita. Efraimu huongea na simu kama anavyoongea na trela, kwa hiyo tulisikia wote.

"Kaka, boti inatoa jasho."

"Jasho la wapi?"

"La ndani. Nimeishusha majini kuijaribu, nimekaa kidogo, miguu imelowa."

"Umepakia mno."

"Nimejipakia mwenyewe tu, kaka. Nimenenepa, lakini siyo hivyo."

Ziwa lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mazalia ya samaki, na lilikuwa karibu kufunguliwa. Siku za mwanzo baada ya kufunguliwa ndizo kambi hujaa samaki, na mnunuzi asiyefika siku hizo hukuta wavuvi wamekwisha kuahidiana na wengine. Nesta alitaka kujua jambo moja: aende na boti ile au asiende.

"Usiiguse," Efraimu alisema. "Nakuja."

Alianza kupakia jenereta kwenye pikapu yake kabla hata hajakata simu. Foleni ya malori haikuwa imesogea, na mimi nikikaa sana mahali pamoja naanza kuwashwa nyayo. Nilimwomba nafasi. Alinitazama, akautikisa mlango wa abiria, akaniambia nipande.

Tulipita Ndalambo, ambako alipunguza mwendo na kunyoosha kidole kuelekea kwa mama yake bila kusimama. Baadaye tukaacha lami na kuteremka bondeni. Kila tulivyoshuka hewa ilizidi kuwa nzito na joto, migomba ikaisha, vumbi likageuka rangi ya majivu. Efraimu alishika usukani kwa mikono yote miwili. Mara mbili tatu alianza sentensi, "Zile bamba zilikuwa nene," na hakuimalizia.

Boti ilikuwa imelazwa juu ya magogo, tumbo limeinamia upande. Nesta alikuwa amesimama kando yake, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira na kitenge kilichofungwa juu ya suruali. Simu ilining'inia shingoni kwa kamba ya nyavu.

"Shikamoo kaka. Umekuja na shahidi?"

"Marahaba. Huyu ni mwandishi."

"Basi aandike kwamba kaka yangu amenitengenezea chujio la chai."

Efraimu hakucheka. Alipiga magoti, akaanza kugonga tumbo la boti kwa nyundo ndogo, kutoka mbele kwenda nyuma, sikio limeelekea kwenye chuma. Mbele chuma kiliitika vizuri, mlio mkali wa bamba zima. Kadiri alivyokaribia propela mlio ulififia. Alikwangua rangi kwa patasi, na chini ya rangi tukaona vishimo, vingi, vimesogeleana kama makovu ya ndui. Alipiga pigo moja, si kali. Nyundo ikapita.

Tundu halikuzidi punje ya hindi. Tulilitazama sote watatu.

"Ungekuwa katikati ya ziwa," Efraimu alisema.

"Ningekuwa katikati," Nesta alikubali.

Efraimu alikaa chini kwenye mchanga. Kisha akaanza kutafuta mkosaji, na alitafuta kwa sauti. Bamba za trela lile huenda zilikuwa zimebeba tindikali. Watu wa mwaloni wanaiburuta boti juu ya mawe. Magadi yamezidi mwaka huu kwa kuwa maji yamepungua. Nesta alimwacha aseme yote. Alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akikwaruza rangi nyekundu ya zinki moja kwa ukucha.

"Kaka. Msimu ule zinki zilipoliwa, boti ilivuja?"

"Zilianguka zote! Ulinitumia ujumbe wa kunicheka mwenyewe."

"Sijauliza kama zilianguka. Nimeuliza, boti ilivuja?"

Alifikiri. "Haikuvuja."

"Ilikuwa na vishimo?"

"Haikuwa navyo."

"Msimu huu zinki zako zimekaa kama mayai kwenye kiota. Hazijaguswa. Boti imetoboka. Sasa hapo nani amekula nini?"

Efraimu alishika zinki iliyo karibu na propela, akaivuta huku na huku kwa nguvu zake zote. Haikusogea. Nilimwona akiitazama kama mtu anayemtazama mlinzi wake wa miaka mingi baada ya kusikia jambo juu yake. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, na mahali fulani nyuma yetu mtu alikuwa akimfokea mbuzi.

Kisha akainuka, akaenda kwenye pikapu, akarudi na betri na ile taa ndogo ambayo kila fundi wa malori anayo, balbu moja na waya mbili za kupimia.

Sikuelewa mara moja anachofanya, akanieleza huku anafanya. Kwenye lori, alisema, taa ya nyuma inaweza kukataa kuwaka wakati balbu ni nzima na betri ni nzima. Unahangaika nayo asubuhi nzima. Mwisho unakuta imefungwa vizuri sana juu ya rangi au juu ya kutu, umeme unafika lakini hauna njia ya kurudi kwenye bodi. Haigusi. Ameshawafundisha vijana wengi jambo hilo, na wengine amewafokea kwa ajili yake.

Aliunga waya mmoja wa betri kwenye tumbo la boti, mahali alipokwangua mpaka chuma kikang'aa. Waya wa taa akauunga upande wa pili wa betri, na ncha ya taa akaigusisha pembeni yake, kwenye chuma kilekile. Taa ikawaka. Akakwangua rangi kwenye zinki, akaigusa zinki. Taa ikazima. Akarudi kwenye chuma, ikawaka. Zinki, giza. Alizunguka boti nzima, zinki moja baada ya nyingine, na nadhani baada ya ile ya pili alikuwa amekwisha kujua, lakini alizipima zote.

"Haipati bodi," alisema kwa sauti ndogo, ya kwanza ndogo niliyoisikia kwake. "Hata moja. Mpira chini, mpira juu, mrija, rangi. Nimezifunga zisitoke, halafu nimezitenga zisiguse. Maji hayakujua kama zipo."

"Kwa hiyo yakala boti," Nesta alisema.

"Yakala boti. Na mimi natembea na picha."

Nilitegemea Nesta aseme kitu cha kuchoma, na alikuwa na haki. Alimpa maji ya kunywa.

Siku iliyofuata Efraimu alifanya kazi tangu mapema. Alikata kipande chote kibovu cha nyuma, kipana kuliko nilivyoona lazima, akachomelea bamba jipya, akaligonga kila sehemu na kulisikiliza. Nilikaa kwenye ndoo nikimtazama, na nikafikiri juu ya vitu tunavyovifunga vizuri. Nimehama miji mingi, na katika kila mji nimekutana na mtu anayekilinda kitu mpaka kikashindwa kufanya kazi yake: kochi lililofunikwa nailoni mpaka likazeeka bila kukaliwa, binti aliyesomeshwa mpaka mwisho kisha akazuiwa kutoka nje. Zinki ni jambo gumu kwa fundi wa namna ya Efraimu. Maisha yake yote amepigana na kuchakaa. Hapa ameletewa kitu ambacho kikichakaa ndiyo kimefanya kazi, na kikibaki kizima kimekuibia.

Ubishi ulitokea mchana, kiraka kilipopoa. Efraimu alikuwa na zinki mpya. Shaban huwa anamwachia za akiba. Aliwasha jenereta, akavaa miwani ya kuchomelea, akaushika ulimi wa zinki ya kwanza dhidi ya boti.

"Unafanya nini?" Nesta aliuliza.

"Nachomelea ulimi moja kwa moja kwenye boti. Chuma kwa chuma. Itagusa, na haitatoka kamwe."

"Usichomelee."

Aliinua miwani. "Kwa nini?"

"Ikiisha je?"

"Utanipigia."

"Nikupigie. Wewe uje na jenereta kutoka Tunduma, na grainda, na mwandishi, kwa njia ile ya masika, kuja kubadilisha kitu ambacho kazi yake ni kuisha."

"Nitakuja."

"Najua utakuja," Nesta alisema. "Ndiyo taabu yenyewe."

Efraimu alizima jenereta. Nesta aliketi kwenye gogo, akazungumza bila haraka, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Danieli alikuwa anaziba mtumbwi wake mwenyewe. Ukilia mahali, anajua ni wapi, anaujua kwa mguu. Mimi boti yangu ikilia namtafuta mtu aliyeko milimani, na kama hakuna mtandao nakaa ufukweni nangoja. Unafikiri naogopa kiboko? Kiboko namwona. Naogopa kuwa juu ya kitu nisichoweza kukifungua."

"Nati ukiilegeza vibaya..."

"Nikiilegeza vibaya, ni mimi niliye ndani ya boti. Si wewe."

"Hilo ndilo linaloniuma, mama Gasper," Efraimu alisema. "Kwamba ni wewe."

Aliweka miwani chini, akatembea kuelekea majini, akasimama mbali kidogo na pale mawimbi yalipofika. Aliporudi hakuwasha mashine. Alimtupia Nesta spana.

"Njoo huku. Chuchumaa. Na wewe mwandishi, shika betri, usikae tu."

Bolti za zamani zilikuwa bado imara kwenye tumbo la boti. Alizisafisha kwa grainda mpaka zikawa nyeupe, na kuzunguka kila moja akatoa rangi yote, eneo la kiganja cha mkono. Zinki ya kwanza alifunga yeye, akieleza kila anachofanya, kwa sauti yake ya kawaida, kiasi kwamba watu wa mwaloni walisogea kusikiliza. Kwangua ulimi mpaka ung'ae. Kwangua boti mpaka ing'ae. Hakuna mpira. Weka ulimi juu ya chuma kitupu, weka washa ya springi, ile pete iliyokatika na kupinda kidogo, ndiyo itakayozuia nati isilegee. Kaza. Kisha pima kwa taa.

Taa iliwaka.

"Sasa ndipo rangi," alisema, "juu ya nati na ulimi, ili kutu isiingie katikati. Zinki yenyewe usiipake hata tone. Iache uchi. Ukiipaka umeifunga mdomo."

"Haitapendeza."

"Itakuwa mbaya kama kidonda. Ikiwa mbaya, lala usingizi. Ikibaki nzuri, usiende majini, kwangua ndimi upya. Na ikibaki nusu, weka nyingine, usisubiri nyama iishe mpaka mfupa."

Zinki zilizobaki alizifunga Nesta. Hakuwa mwepesi. Ya pili aliikaza kabla ya kukwangua vizuri, taa ikakataa, akaifungua mwenyewe, akakwangua tena, na safari hii hakutazama uso wa kaka yake kabla ya kugusa waya. Ikawaka. Ya mwisho, ile ya karibu na propela, alimwambia asimame kando kwa sababu kivuli chake kinamzibia mwanga. Efraimu alisogea. Hakikuwa kivuli kikubwa.

Jioni waliisukuma majini pamoja na watu watatu wa mwaloni. Nesta aliwasha injini, akaenda mpaka kwenye matete, akazunguka, akarudi. Alivua kiatu kimoja na kutuonyesha soksi.

"Kavu," alisema. "Mwandishi, andika na hilo."

"Andika kwamba hiyo ni soksi yangu," Efraimu alisema. "Aliichukua kwangu Krismasi."

Asubuhi tulipoondoka, alimwachia spana, betri ndogo, ile taa na zinki zote za akiba. Nesta alikuwa amekwisha kushughulika na barafu na makreti. Ziwa lilikuwa linakaribia kufunguliwa na hakuwa na muda wa kutuaga kwa marefu. Alitupungia mkono ulioshika beseni.

Tulipopanda milima na mtandao kurudi, Efraimu aliegesha pikapu kando ya barabara. Nilidhani kuna kilicholegea. Alitoa simu, akampigia Shaban, ambaye alisema foleni imesogea na kwamba nisipofika upesi ataniacha na mzigo wangu.

"Sikiliza," Efraimu alisema. "Nakutumia namba ya Nesta. Zinki akizitaka atakupigia mwenyewe. Ukizipata usizishushe kwangu. Zipitishe moja kwa moja, kuna magari ya samaki yanayoshuka kwake."

"Hutaki kuziona kwanza?" Shaban aliuliza. "Kuzipima, kuzitikisa?"

Efraimu aliangalia nje ya dirisha, kule chini ambako bonde lilikuwa limejaa ukungu wa joto na ziwa lenyewe halionekani.

"Nataka," alisema. "Usizishushe."